Jinsi ya Kuonja na Kuhukumu Peli Eli ya Ukungu Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mwekee mtu wa Mbeya glasi ya peli eli ya ukungu, bia isiyochujwa yenye mawingu, na mara nyingi utasikia moja kati ya kauli mbili. Wa kwanza atasema bia imeharibika, maana ile aliyoizoea unaona kidole chako upande wa pili wa glasi. Wa pili, aliyewahi kusikia sifa zake, ataisifu kabla hajainusa, kwa kuwa ameambiwa ukungu ndio alama ya bia nzuri ya viwanda vidogo. Wote wawili wamehukumu kwa macho. Kwenye karatasi ya majaji wa BJCP, programu ya Marekani iliyoanza 1985 kuthibitisha majaji wa bia, mwonekano wote una alama 3 tu kati ya 50. Harufu ina 12, ladha ina 20.

Bia hii huhukumiwa kwa upya wake. Hatua zote zilizo hapa chini zinajibu swali moja: harufu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, bado iko hai, au imekufa njiani?

Ijue bia kwanza

Peli eli hupikwa kwa kimea cheupe cha shayiri na kuchachushwa kwa hamira ya eli, inayopenda joto la chumba. Laga tulizozoea baa huchachushwa kwenye ubaridi. Mtindo wa ukungu ulianzia Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kiwanda cha The Alchemist mjini Waterbury kilipika Heady Topper mara ya kwanza 2004 na kuanza kuiweka kwenye makopo 2011. Ile ni kali kuliko peli eli, lakini ndiyo iliyowapa wapikaji wengi ujasiri wa kuiacha bia bila kuichuja. Mwaka 2018 chama cha wapikaji wa Marekani, Brewers Association, kiliingiza peli eli ya ukungu kwenye orodha yake ya mitindo: kilevi kati ya asilimia 4.4 na 5.4, uchungu mdogo, harufu ya matunda iliyo wazi.

Ukungu wenyewe unatokana na protini za ngano na oti zikishikana na polifenoli, kemikali za asili za mmea, zilizomo kwenye hopsi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa. Katika bia za zamani huchemshwa muda mrefu ili zitoe uchungu. Hapa nyingi huwekwa moto ukishazimwa, na nyingine tena bia ikiwa tangini, ili mafuta yake yasiondoke na mvuke. Mafuta hayo ndiyo utamu wote wa bia hii, na ndiyo yanayoharibika haraka yakikutana na oksijeni na joto.

Mnywaji wa ulanzi, pombe ya mianzi, analielewa jambo hili upesi kuliko mtu yeyote. Iringa na Njombe hakuna anayeukataa ulanzi kwa sababu una mawingu. Swali ni umegemwa lini, maana wa leo na wa juzi ni vinywaji viwili. Peli eli ya ukungu haibadiliki kwa kasi hiyo, lakini swali la kuuliza ni lilelile.

Hatua ya kwanza: chunguza kopo kabla ya kulipa

Geuza kopo utazame chini. Wapikaji makini huandika tarehe ya kujaza. Wengine huandika tarehe ya mwisho wa matumizi tu, na hiyo haikuambii bia ina umri gani. Bia ya namna hii iliyokaa kwenye ubaridi huwa katika ubora wake ndani ya miezi miwili hivi ya mwanzo. Ikifika mitatu ianze kukutia shaka. Ikipita hapo, inunue kwa bei ya bia ya kawaida au iache.

Tarehe peke yake haitoshi. Wapikaji wana kanuni ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi joto 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Sasa fikiria kopo lililopakiwa kwenye buti la basi Dar es Salaam. Ni kilomita zaidi ya 800 hadi Mbeya, na kabla ya kupanda mlima Kitonga na kuonja baridi ya Iringa, linapita Morogoro, Mikumi na bonde la Ruaha Mbuyuni, ambako jua halina huruma. Safari moja haitaliua. Kinachoua ni safari hiyo, kisha wiki kadhaa stoo chini ya bati, kisha friji siku ya kuuzwa. Ubaridi wa mkononi haukuelezi historia ya kopo, kwa hiyo uliza: "Kaka, haya makopo yamekaa kwenye friji tangu yafike, au yametoka stoo leo?" Muuzaji mwaminifu atakujibu, na akijua wewe ni mtu wa kuuliza, safari ijayo atayatunza.

Ikiwa ni chupa, tazama rangi yake. Kahawia hulinda kiasi. Kijani hulinda kidogo mno na nyeupe hailindi kabisa, na mwanga wa jua ukigusa hopsi bia hutoa harufu ya kicheche. Chupa iliyopangwa dirishani uiache hapohapo.

Kopo lililosafiri lipumzishe kwanza. Liweke wima kwenye friji usiku mzima. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, na gesi iliyomo kwenye bia hukimbia kwa urahisi zaidi. Kopo lililotikiswa barabarani likifunguliwa huku juu hufoka povu, nawe ukadhani ni kosa la mpikaji.

Glasi, joto na kumimina

Kwenye makopo ya Heady Topper kuna maandishi yanayomtaka mnywaji anywe kutoka kwenye kopo. Kwa starehe ni sawa. Kwa kuhukumu, mimina, kwa sababu tundu la kopo halipitishi harufu ya kutosha.

Glasi inayobana kidogo juu ndiyo bora, hata ya mvinyo inafaa. La muhimu ni usafi. Mafuta ya chipsi au mabaki ya sabuni huua povu na kuacha mapovu madogo yameganda kwenye kuta. Ioshe kwa sabuni kidogo, isuuze kwa maji mengi ya baridi, iache ikauke ikiwa imefudikizwa, usiipanguse kwa kitambaa cha jikoni. Kabla ya kumimina ichovye majini mara moja. Maji yakitelemka kama utando mmoja, ni safi. Yakikatika matone-matone, irudishe ioshwe.

Mhudumu atakuuliza, "Baridi au moto?" Bia hii haitaki jibu lolote kati ya hayo mawili. Ikiwa baridi kama barafu, harufu hulala na ulimi hufa ganzi. Ikiwa ya moto, kwa maana yetu ya kutokuwekwa friji, utamu wa kimea unapanda na gesi inakimbia. Lenga nyuzi 7 hadi 10. Itoe kwenye friji, iache mezani dakika kumi hivi. Juni na Julai, usiku wa Mbeya au Makete, ipe muda zaidi, au ishike glasi kwa viganja.

Inamisha glasi, mimina ubavuni nusu ya kiasi unachotaka, isimamishe kisha mimina katikati ili povu la vidole viwili lisimame. Usijaze. Theluthi ya glasi inatosha kuhukumu, na nafasi iliyobaki ndiyo inayokusanya harufu. Usilitikise kopo ili kuvuruga kilicho chini, kama wengine wanavyofanya wakitafuta ukungu zaidi. Ukungu halali umo tayari ndani ya bia. Kilichotuama chini ni hamira na mabaki ya hopsi, nayo yanakwaruza koo.

Tazama, lakini usikae hapo

Rangi iwe kati ya manjano ya majani makavu na dhahabu. Ukungu uwe laini na sawa kutoka juu hadi chini. Vipande vinavyoelea ni kosa, na vilevile bia nene kama uji. Povu liwe jeupe, libaki na kuacha alama kwenye glasi. Dalili moja tu ndiyo ichukuliwe kwa uzito mkubwa: rangi iliyofifia kuelekea kijivu au kahawia chafu. Hiyo ni oksijeni, na pua itathibitisha punde.

Nusa: hapa ndipo kazi ilipo

Nusa mara tu baada ya kumimina, kabla hata ya kutazama rangi ikiwezekana, maana harufu nyepesi hukimbia mwanzoni. Funika glasi kwa kiganja, izungushe taratibu, fungua, vuta hewa kwa pumzi fupi mbili au tatu. Pumzi ndefu moja huichosha pua. Ukihisi imechoka, nusa mkono wako wa shati, kisha rudi. Siku ya kuonja usijipake manukato, na waombe majirani wa mezani waweke sigara mbali. Moshi wa nyama choma nao utakushinda, kwa hiyo kaa upande usio na jiko.

Andika kila unachosikia kwa jina la kitu unachokijua. Karatasi nyingi za kigeni zimejaa matunda ambayo hatuyali, na mwonjaji wetu hubaki kuyanakili tu. Nenda sokoni Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa, nunua embe bivu, embe bichi, pasheni, nanasi, chungwa, limau, pera, na pichi ikiwa ni msimu wake. Kata kila moja, funika kwenye kikombe, mwombe mtu akubadilishie vikombe nawe umefumba macho, utaje ni kipi. Zoezi hili linafaa kuliko kusoma maelezo ya kopo mara mia. Pasheni ina sababu ya pekee ya kuwemo: moja ya kemikali zinazoipa harufu yake imo pia kwenye hopsi, kwa hiyo unaposema bia inanukia pasheni, si mapambo ya maneno.

Ukishaijua pua yako, hopsi zinaanza kutambulika. Citra huleta embe, ndimu na machungwa. Galaxy ya Australia hutoa pasheni na pichi. Mosaic, iliyoingia sokoni 2012, huchanganya matunda matamu na harufu ya msitu. Nelson Sauvin ya New Zealand ina zabibu nyeupe. Aliyewahi kupita Mafinga asubuhi, katikati ya misonobari ya Sao Hill, anaijua harufu ya utomvu inayojitokeza kwenye baadhi ya hopsi. Ikiwa kidogo chini ya matunda, ni nzuri. Ikitawala, bia imeuacha mtindo wake.

Jiulize maswali mawili kabla ya kuonja. Harufu ya matunda ni ya tunda bichi lililokatwa sasa hivi, au ni ya juisi ya pakiti iliyokaa wazi? Na chini ya matunda kuna nini? Mkate mweupe kwa mbali ni kimea, ni sawa. Asali nzito, boksi lililolowa, au karameli ambayo mpikaji hakuikusudia, ni uzee.

Onja

Kabla ya kuonja, safisha kinywa kwa maji na kipande cha mkate mweupe au ugali mkavu. Pilipili, kahawa na maandazi yenye mafuta viache hadi umalize. Chukua funda dogo, lizungushe kinywani, meza, kisha toa pumzi kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Harufu inayorudi kutoka kooni ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha. Majaji wa bia humeza, hawatemi kama wa mvinyo, kwa sababu uchungu na kinachobaki nyuma husikika vizuri ukishameza. Ndiyo maana mafunda yawe madogo, na anayerudi na gari au bodaboda asiwe miongoni mwa waonjaji.

Tafuta mpangilio huu: matunda yatangulie, utamu mdogo wa kimea uyabebe, uchungu uje mwishoni kwa upole na uondoke. Bia ikiacha sukari kwenye midomo, haikuchachuka hadi mwisho. Uchungu ukibaki na kukwaruza, hopsi zilizidi au hazikupewa muda wa kutulia. Kinywani iwe laini na iliyojaa kiasi. Ulaini huo unatoka kwenye oti na ngano, na pia kwenye maji, kwani wapikaji wa mtindo huu huongeza chumvi za kloridi kuliko za salfeti, ambazo huunoa uchungu. Gesi iwe ya wastani. Kilevi kisichome, kwa asilimia hizi hakina sababu ya kuchoma.

Kisha subiri. Acha glasi robo saa, onja tena. Bia nzuri ikipata joto hufunguka, tunda jingine hujitokeza. Bia dhaifu hubaki na utamu na uchungu bila kitu katikati. Mimi naliamini sana funda hili la pili, na ninaona majaji wengi wa mezani hulikosa kwa sababu glasi imeshakwisha.

Makosa na yanakotoka

Uzee wa oksijeni ndio utakaokutana nao mara nyingi huku kwetu, kwa sababu ya njia na stoo. Huanza kwa ukimya: matunda yanapungua kabla ladha mbaya haijaingia. Baadaye huja asali, kisha boksi. Usimlaumu mpikaji kabla hujajua kopo lilipita wapi.

Siagi iliyoyeyuka, pamoja na utelezi ulimini, ni diasetili. Katika bia hii ina mlango wa ziada, kwa kuwa hopsi zilizowekwa tangini huweza kuamsha uchachukaji upya, na bia ikipakiwa mapema diasetili hubaki. Kwa anayepika nyumbani kuna kipimo rahisi: chukua sampuli mbili zilizofunikwa, moja ipashe kwenye maji ya nyuzi 60 hivi kwa dakika ishirini, ipoze, nusa zote mbili. Iliyopashwa ikinukia siagi, bia yako bado haijawa tayari, mwachie hamira siku kadhaa zaidi.

Tufaha bichi ni uchachukaji usiokamilika. Mahindi ya kuchemsha, yale ya sufuria za stendi, hutoka kwenye kimea cheupe ambacho hakikuchemka kwa nguvu. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mpikaji wa Mbeya anahitaji kuchemsha kwa nguvu na kuacha sufuria wazi. Harufu ya plasta au dawa ya hospitali mara nyingi ni klorini ya maji ya bomba. Kitunguu, kama umesimama kwenye vibanda vya Ruaha Mbuyuni, hutoka kwenye aina fulani za hopsi au hopsi zilizochumwa kwa kuchelewa. Wapo wanaoivumilia kidogo, mimi naikata alama. Ukali wa maziwa ya mgando au siki ni maambukizi, na hapo bia haina utetezi.

Toa alama

Gawa karatasi kama BJCP: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, kwa ujumla 10. Jumla ya 45 hadi 50 ni bia ya kipekee, 38 hadi 44 bora, 30 hadi 37 nzuri sana, 21 hadi 29 nzuri yenye kasoro, 14 hadi 20 ya kujikongoja, chini ya hapo ina matatizo.

Chukua mfano wa kopo lenye miezi minne. Ukungu mzuri, rangi imefifia kidogo: 2. Embe lipo kwa mbali, asali imetangulia: 6. Kwenye ladha uchungu umebaki peke yake baada ya tunda kuondoka: 10. Kinywani bado laini: 4. Kwa ujumla 5. Jumla ni 27. Andika sababu kando ya kila namba. "27" haimsaidii mpikaji wala muuzaji, lakini "embe limefifia, asali imepanda, kopo la miezi minne" inawasaidia wote wawili.

Mkiwa wengi, kila mtu aandike kabla ya yeyote kuongea. Mezani kwetu mkubwa akishatamka, vijana huona si adabu kumpinga, na alama zote zinafuata mdomo wake. Anayemimina afiche makopo na asionje raundi hiyo. Ukitaka kujua kama mnatofautisha kweli, mimina glasi tatu, mbili za bia moja na ya tatu tofauti, mwambie kila mtu aitaje iliyo tofauti. Mwenye kubahatisha hupata mara moja katika tatu, kwa hiyo rudieni zoezi kabla ya kumpa mtu sifa.

Zoezi la mwisho linahitaji makopo mawili ya tarehe moja. Moja liweke kwenye friji, jingine kabatini karibu na jiko, kwa mwezi mmoja. Siku ya kuyafungua yapoze yote kwenye friji usiku mzima, mwombe mtu akumiminie bila kukuambia lipi ni lipi, nusa, andika, na ndipo uulize.